Moto wa Pili: Mjadala wa Chuma kutoka Manda hadi Makambako

Barabara ya Itoni–Ludewa–Manda ina urefu wa kilomita 211. Inaanzia kwenye baridi ya Njombe, inapita milima ya Ludewa, inateremka hadi joto la Ziwa Nyasa, jirani na mahali Mto Ruhuhu unapomwaga maji yake. Lori likikatika springi katika njia kama hiyo, chuma chake hakitupwi. Kinageuka panga, shoka, mundu, au tezo ya kuchongea mtumbwi. Na hapo ndipo ubishi unapoanza: kwa nini zana mbili zilizotoka kwenye springi moja, moja idumu miaka na nyingine ivunjike kabla ya jua kuchwa?

Nimewakalisha watu wanne walijibu swali hilo. Wote ni wa kubuni: mhunzi mzee wa Manda, fundi springi wa Makambako, mwalimu wa chuo cha ufundi, na mama mwenye shamba la miti Njombe anayenunua mashoka kwa ajili ya vibarua wake. Watu nimewatunga, namba watakazozitaja sikuzitunga. Ni za elimu ya metali. Nami nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MAMA: Aliyelipa ni mimi, kwa hiyo nianze mimi. Nilinunua mashoka mawili, mhunzi mmoja, siku moja. La kwanza lilimeguka ukingo asubuhi ile ile lilipokutana na fundo la mpaini. La pili liko hadi leo, lakini kila baada ya miti michache kibarua anakaa chini kulinoa, na mimi namlipa akiwa amekaa. Nielezeni.

FUNDI: Mama, hilo la kwanza lilikuwa chuma feki. Springi za siku hizi siyo zile za zamani.

MHUNZI: Mwanangu, usikisingizie chuma. Wote wawili walikuwa ndugu wa tumbo moja. Chuma cha makali kina mioto miwili. Moto wa kwanza unakiwivisha mpaka kinakuwa chekundu, unakizima, kinakuwa kigumu. Moto wa pili ni mdogo, unakituliza. Shoka la kwanza la Mama lilizimwa likapelekwa sokoni. La pili lilipata moto wa pili, ila lilisahauliwa humo.

FUNDI: Mzee, kwa heshima zote, hapo sikuelewi. Nihangaike kukipa chuma ugumu, halafu niwashe moto mwingine niuondoe ule ugumu? Si bora nisingeuweka?

MWALIMU: Swali zuri, na jibu lake liko ndani ya chuma chenyewe. Springi ya gari ina kaboni kama asilimia 0.6. Ni kidogo sana, lakini ndiyo yenye maneno yote. Ukikipasha chuma hicho hadi nyuzi 830 hivi za Sentigredi, atomu za kaboni zinatawanyika ndani yake kwa raha. Kikipoa taratibu, zinatoka zenyewe na kujipanga pembeni, na chuma kinabaki laini kiasi. Ukikizima ghafla, hazipati muda. Ni kama daladala iliyofunga mlango kabla abiria hawajashuka: kila mmoja amebanwa alipokuwa, na bodi nzima imetanuka. Hali hiyo huitwa martensaiti, kwa kumbukumbu ya Adolf Martens, Mjerumani aliyekuwa akichunguza metali kwa hadubini karne ya 19. Ni ngumu kupindukia kwa sababu hakuna kinachoweza kusogea. Na kisichoweza kusogea, kikipigwa, hupasuka.

MHUNZI: Na moto wa pili?

MWALIMU: Moto wa pili unawaruhusu abiria wachache washuke. Kaboni inasogea kidogo, inajikusanya katika chembe ndogo mno, na mkazo unapungua. Unapoteza sehemu ya ugumu, unapata ustahimilivu. Na Fundi, ndiyo maana huwezi kuruka hatua ya kwanza. Chuma kilichozimwa kisha kikatulizwa kinakishinda mbali kile kilichoachwa kipoe chenyewe, hata vikiwa na ugumu unaolingana, kwa sababu chembe zake ni ndogo na zimesambaa sawasawa.

FUNDI: Nipe namba, Mwalimu. Maneno ya darasani nimeyasikia.

MWALIMU: Chukua feleji ya springi yenye kaboni hiyo niliyotaja na kromiamu kidogo, iliyozimwa kwenye mafuta. Ikitulizwa kwenye nyuzi 205, inahitaji kama megapaskali 2,200 ili ikatike. Hiyo ni tani 22 zinazoning'inia kwenye kipande chenye eneo la sentimita moja ya mraba. Lakini inavutika asilimia 4 tu kabla ya kukatika. Ipeleke nyuzi 425: nguvu inashuka hadi 1,600, mvutiko unapanda hadi asilimia 10. Nyuzi 540: karibu 1,170, na asilimia 12. Nyuzi 650: nguvu imebaki 900 hivi, inavutika asilimia 20. Chuma ni kile kile, na kimezimwa mara moja tu. Kilichobadilika ni moto wa pili.

MAMA: Basi shoka langu la pili lilifika huko kwenye 650.

MWALIMU: Huenda hata halikufika huko. Lilipita tu mahali pa shoka. Kwenye nyuzi 450 unapata springi nzuri sana na shoka la kukera.

Hapa nataka kuingilia, maana naona wengi wetu tunatumia neno moja, "imara", kwa mambo mawili yanayovutana. Nguvu ni uwezo wa kubeba mzigo bila kupinda wala kukatika. Ustahimilivu ni uwezo wa kumeza kishindo bila ufa kukimbia. Kioo ni kigumu, lakini hakistahimili. Ustahimilivu huo una kipimo chake: nyundo inayobembea, aliyoieneza Mfaransa Georges Charpy mwanzoni mwa karne ya 20, inayovunja kipande chenye mkwaruzo na kuonyesha nishati iliyomezwa. Karakana zetu hazina nyundo hiyo. Zina tupa. Na tupa hupima ugumu peke yake.

Sasa angalia sokoni. Mnunuzi anapitisha tupa kwenye ukingo wa panga. Tupa ikiteleza bila kuuma, anatabasamu na kulipa. Ameridhishwa na ishara ileile inayomwambia kwamba zana haijapata moto wa pili. Mhunzi aliyetumia saa zaidi na mkaa zaidi kulituliza panga lake anaambiwa, "Hili laini." Kwa maoni yangu kasoro kubwa iko hapa. Kuzima kunaonekana na kusikika, maji yanachemka na moshi unapanda. Kutuliza hakuonekani, na kazi isiyoonekana hailipwi. Tumewafundisha wahunzi wetu, kwa pesa zetu wenyewe, kuacha nusu ya kazi.

MAMA: Unanilaumu mimi?

Nakulaumu wewe na mimi, Mama. Tuendelee.

MHUNZI: Mimi niseme jinsi ninavyofanya, Mwalimu anikosoe. Sina kipimajoto. Nachukua tindo au tezo, naipasha mpaka sumaku haiishiki tena, naongeza kidogo. Kisha nachovya ukingo tu, vidole viwili hivi, mwili wa juu unabaki mwekundu. Naitoa, nasugua ukingo haraka kwa jiwe mpaka unang'aa, nakaa kimya naangalia. Joto la mwilini linatembea kuelekea ukingoni, na rangi zinakuja zimefuatana: rangi ya majani makavu kwanza, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha bluu. Ya majani makavu ikifika ukingoni, ni tezo, naizamisha yote. Nikitaka tindo ya kugongea chuma, nangoja zambarau.

FUNDI: Hayo ni mazingaombwe ya wazee, Mwalimu, au ni sayansi?

MWALIMU: Ni sayansi tupu. Sumaku huacha kushika chuma karibu na nyuzi 770, kwa hiyo mzee ana kipimajoto bila kukinunua. Na zile rangi ni utando mwembamba wa kutu ya joto: kadiri unavyonenepa ndivyo mwanga unavyobadilika. Majani makavu ni kama nyuzi 220 hadi 240, kahawia kama 255, zambarau kama 280, bluu kama 300. Tena nikuambie kitu, Mama. Unajenga nyumba?

MAMA: Ipo kwenye msingi.

MWALIMU: Zile nondo za TMT ulizonunua zimetengenezwa kwa njia ya huyu mzee. Nondo inatoka kwenye mashine ikiwa nyekundu, inapita kwenye maji yenye kasi, ngozi yake inazimika huku moyo ukiwa bado wa moto. Kisha moyo unarudisha joto nje na kuituliza ngozi. Mwisho unapata ngozi yenye nguvu na moyo unaokubali kupinda, na mara nyingi nguvu yake inaandikwa 500, yaani megapaskali 500 kabla haijaanza kuvutika moja kwa moja. Kiwanda kina pampu na kompyuta. Mzee ana ziwa.

FUNDI: Ndiyo maana wanatukataza kukunja nondo kwa moto?

MWALIMU: Ndiyo hiyo hiyo. Ukiichoma ikawa nyekundu pale pa kukunjia, umefuta ile ngozi. Nondo inabaki na umbo lake, ila mkataba wa nguvu umevunjika pale kwenye kona, mahali penye kazi kubwa.

FUNDI: Bado nina neno na mzee. Rangi inakaa sekunde chache. Vitabu vinasema saa moja, saa mbili. Sekunde zinaweza kufanya kazi ya saa?

MWALIMU: Zinaweza, kwa bei. Mwaka 1945 Wamarekani wawili, Hollomon na Jaffe, walionyesha kwamba joto na muda vinabadilishana. Kwa hesabu yao, saa moja kwenye nyuzi 300 inakaribiana na nusu dakika na ushee kwenye nyuzi 360. Joto ndilo lenye sauti kubwa, muda una sauti ndogo. Na ule utando wa rangi nao hukua kwa joto na muda, kwa hiyo hauwezi kumdanganya mzee sana. Shida yake ni nyingine. Kwa sekunde chache huwezi kuwa na hakika kwamba ndani kumefika kule ambako ngozi imefika, na mawingu yakifunika jua, au kibanda kikiwa na giza, majani makavu na kahawia havitofautiani. Kwa tezo moja njia hii ni nzuri. Kwa mapanga hamsini ya kuuza Makambako, tafuta karai la mchanga. Weka mchanga mkavu juu ya mkaa, ufikie joto lake, fukia mapanga humo kwa saa nzima, yatoke yote yamefanana.

MHUNZI: Karai nalikubali. Halina aibu.

MWALIMU: Nami nina la kukuuliza, mzee. Unazimia kwenye nini?

MHUNZI: Maji ya ziwa. Ndivyo nilivyofundishwa.

MWALIMU: Na springi ngapi zimekupasukia humo?

MHUNZI: Zimepasuka. Sikatai. Unasikia "tik", unajua umekula hasara.

MWALIMU: Springi za malori zina kromiamu, au silikoni na manganizi, ili ziwe ngumu hata zikipoa polepole. Hazihitaji fujo ya maji. Zitie kwenye oili iliyopashwa kidogo, iwe vuguvugu ili itiririke vizuri, na uwe na kifuniko karibu kwa sababu itashika moto. Maji yaachie chuma kisicho na mchanganyiko huo. Na ukishazima, usilaze hadi kesho. Chuma kilichozimwa kikaachwa bila kutulizwa kinaweza kupasuka chenyewe usiku, juu ya benchi, hakijaguswa na mtu.

FUNDI: Sasa mimi nije na njia yangu ya mkato. Sipashi kabisa. Nachukua springi, naikata kwa grainda, nanoa, nauza. Kiwanda kilishaizima na kuituliza, kwa nini niharibu?

MHUNZI: Na ukingo unapogeuka bluu chini ya grainda?

FUNDI: Unageuka kidogo.

MWALIMU: Hapo umeituliza mara ya pili bila kujua, tena pale pale penye makali. Bluu hiyo ni nyuzi 300 angalau, na mara nyingi ilishapita zaidi kabla hujaona. Kwa springi ambayo kiwanda kiliituliza juu ya nyuzi 400 madhara si makubwa, lakini meno ya msumeno wa mbao ukiyafanyia hivyo yanachomeka, na mwenye mashine analaumu mti. Njia yako Fundi inatoa panga lisilovunjika, ndiyo. Ila litakuwa laini kuliko panga linavyopaswa, maana umechukua moto wa pili uliopimwa kwa ajili ya lori ukaupa mti. Na springi iliyokatika kwa uchovu wa barabara ina nyufa usizoziona karibu na pale ilipokatikia. Kata mbali na hapo.

Namuunga mkono Fundi kwa jambo moja. Mtu asiye na uhakika wa moto wake afanye kama yeye, akate kwa subira huku akimwagia maji. Panga laini linamchosha mkulima, panga kavu linamrushia kipande jichoni. Kati ya makosa hayo mawili najua nitachagua lipi.

MAMA: Mzee alisema tindo anaipeleka zambarau. Basi shoka likipelekwa bluu kabisa si litakuwa salama zaidi? Kila mkiongeza moto, ustahimilivu unaongezeka.

MWALIMU: Hapo Mama umegusa shimo ambalo wengi hutumbukia. Namba nilizotoa zilikuwa za kuvuta polepole. Ukipima kwa kishindo, kwa ile nyundo ya Charpy, mstari haupandi sawasawa. Katika vyuma vingi, kati ya nyuzi 250 na 400 ustahimilivu unaacha kupanda na hata kushuka. Kaboni inajipanga kama vigamba vyembamba kwenye mipaka ya ndani, na fosforasi iliyobaki kwenye chuma inasaidia uharibifu. Unapoteza ugumu na hupati chochote. Waunda vyuma hulikwepa eneo hilo: ama wanatuliza chini yake, ama juu yake.

MHUNZI: Lakini mashoka yametulizwa zambarau na bluu tangu enzi, na misitu imekatwa.

MWALIMU: Kweli, na sitabisha na msitu. Vyuma havilingani. Vile vyenye silikoni nyingi, kama springi nyingi za malori ya Kichina zenye silikoni asilimia 1.5 hadi 2, vinasogeza shimo hilo juu zaidi, kwa hiyo bluu inaweza kuwa salama kwao. Tatizo lako mzee ni kwamba springi haiji na cheti.

MHUNZI: Haiji. Inakuja na matope.

MWALIMU: Basi usiyoijua, simama kwenye majani makavu kwa ukingo, uache mgongo na tundu la mpini vipate joto zaidi. Ukingo uwe mgumu, mwili ustahimili.

Njombe kuna jambo jingine ambalo Manda hawalisumbukii. Chuma hupoteza ustahimilivu kadiri kinavyopoa. Shoka lililotulizwa nusunusu likafanya kazi vizuri kando ya ziwa linaweza kumeguka asubuhi ya Julai huko juu, barafu ikiwa bado imelala kwenye majani ya viazi. Vibarua wazoefu hawaanzi kugonga fundo wakati huo. Wanapiga kwanza mti laini shoka lipate joto. Wako sahihi.

FUNDI: Mwalimu, kabla hatujaachana. Dereva akileta springi iliyokatika anasema, "Chomelea, nifike Songea." Nachomelea vizuri, weldi inang'aa. Haimalizi wiki, inakatika. Haikatiki kwenye weldi, inakatika pembeni yake.

MWALIMU: Kwa sababu pembeni ya weldi umeizima. Joto la weldi limepandisha ukanda mwembamba juu ya nyuzi 830, na chuma baridi kinachouzunguka kimeupoza ghafla. Umetengeneza shoka la kwanza la Mama katikati ya springi. Bila moto wa pili pale, itakatika pale. Na hata ukiipasha baadaye, hutapata springi ya kiwandani. Springi inayobeba abiria haichomelewi. Ibadilishe.

FUNDI: Dereva atakwenda kwa jirani.

MWALIMU: Aende.

MHUNZI: Wazee wetu huko milimani, Wapangwa, walichimba mawe wakayeyusha chuma wenyewe. Hawakuwa na malori ya kuvunjika.

MWALIMU: Na walijua kazi. Huko Buhaya, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science mwaka 1978 jinsi tanuri za kienyeji zilivyoweza kutoa chuma chenye kaboni. Wenzao walibishana nao kuhusu jinsi tanuri hizo zilivyofanya kazi, lakini chuma chenyewe kilikuwepo. Chuma cha aina hiyo kilikuwa na kaboni nyingi upande huu na kidogo upande ule, na jembe lililoisha lilirudishwa kwa mhunzi akaliongeza ncha. Kwa jembe la namna hiyo, kuzima na kutuliza hakukuwa na haraka. Leo mhunzi anashika springi, chuma kilichopimwa hadi sehemu ya asilimia, na bado anakifanyia kazi kama jembe la babu.

MAMA: Na Liganga? Tunaambiwa chuma chetu kitatoka pale.

Liganga iko wilaya hii hii ya Ludewa, na tani milioni 126 za mawe ya chuma hutajwa kila mara. Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Kichina ya Sichuan Hongda waliingia ubia mwaka 2011, na miaka imepita. Mawe yale yana titaniamu na vanadiamu. Titaniamu inasumbua tanuri. Vanadiamu ni hazina, kwani ikiwemo kwenye chuma, hata kidogo, hutengeneza chembe ngumu wakati wa moto wa pili, karibu na nyuzi 550 hadi 600, na kuzuia chuma kisilainike upesi. Vyuma vya kutobolea na kukatia vinavyofanya kazi vikiwa vyekundu vinategemea tabia ya namna hiyo. Yaani mlima ulioko juu ya Manda una kiungo ambacho thamani yake huonekana katika hatua ileile tunayoiruka kwenye vibanda vyetu. Kiwanda kikija, kitahitaji watu wanaojua kutuliza chuma. Karai la mchanga halihitaji kusubiri mwekezaji.

Hukumu yangu kuhusu mashoka ya Mama: chuma hakikuwa feki, na mhunzi hakuwa mjinga. Alikosa malipo ya saa moja ya mkaa, kwa sababu hakuna mnunuzi aliyewahi kuiulizia. Wewe unayenunua Makambako au Njombe, usiridhike tupa ikiteleza. Itake iume, kwa shida. Kisha muulize muuzaji zana ilikaa wapi baada ya kuzimwa, na kwa muda gani. Akikuonyesha karai la mchanga, au akikutajia rangi aliyoingoja, mwongezee pesa. Asiyekuwa na jibu, mwachie shoka lake.